Pesa wanapeleka supamaketi, kwangu wanakuja kukopa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 47, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nina duka la rejareja kwenye fremu ya mbele ya nyumba aliyotuachia baba. Mama ndiye aliyelianzisha, akiuza chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Mimi nimelishika tangu 2006. Limenisomeshea watoto wawili hadi kidato cha sita, na wa tatu sasa yuko chuo.

Siku hizi huku kwetu kunajengwa kila kukicha. Palipokuwa na nyumba za matofali ya tope, leo kuna ghorofa na vioo. Katika moja ya majengo hayo imefunguliwa supamaketi ya kampuni yenye matawi mikoa mingine, kama hatua mia tatu kutoka kwangu. Siku ya ufunguzi walipiga muziki kutwa nzima na kugawa fulana. Sikuogopa. Nilijisemea lile ni duka la watu wa maofisini, watu wangu mimi ni wale wanaopimiwa mafuta kwenye chupa.

Shangazi, nilijidanganya. Kilo ya sukari wameiweka 2,800. Mimi mfuko wa kilo 50 naununua 142,000 kwa mtu wa jumla, maana yake kila kilo inanifikia kwa 2,840 kabla sijalipa bodaboda. Nauza 3,000. Mteja wangu wa miaka kumi akaniuliza mbele ya watu, "Mbona unatuumiza hivi?" Sikuwa na jibu.

Lakini hilo la bei ningelivumilia. Linaloniumiza ni daftari. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, mtaa wetu ulikaa bila dagaa na bila pesa. Wavuvi walikaa nyumbani, kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga walikaa nyumbani, wabeba mizigo nao vivyo hivyo. Miezi mitatu ile nililisha watu kwa kalamu. Nikaandika unga, nikaandika sukari, nikaandika sabuni. Ziwa likafunguliwa. Wapo waliolipa, Mungu awabariki. Wengine mpaka leo wanalipa elfu mbili, wanakopa elfu tatu. Juzi nimejumlisha, nadai shilingi 1,460,000.

Jumamosi iliyopita, jioni, akaja mtoto wa jirani yangu, wa miaka minane hivi. "Mama anasema umwandikie chumvi na kiberiti." Mkono wa pili ameshika mfuko wa kitambaa wa ile supamaketi. Juu ya mfuko naona pakiti mbili za sukari na dumu la mafuta ya lita tatu. Yaani ametumwa kule na pesa taslimu, akaambiwa akirudi apitie kwangu akope. Nikampa. Nikafunga duka mapema, nikaingia ndani nikalia.

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Mwanangu wa kwanza anataka nichukue mkopo wa milioni 3 tuweke shelfu za vioo, friji kubwa na taa, tufanane nao. Mkopeshaji ameshapatikana, anataka laki tatu kila wiki kwa wiki kumi na tatu, na karatasi za nyumba akae nazo yeye. Kaka yangu anasema zama za duka la mtaani zimekwisha, tuuze nyumba tugawane. Dalali amekuja mara mbili, anasema ana mtu wa Dar anayetaka kiwanja. Baba alifariki 2015 na mirathi hatujafungua. Mume wangu yeye anasema nitulie tu, serikali imekataza wageni kufanya biashara ya rejareja, wale watafungiwa.

Ukitoa matumizi, siku nzuri nabaki na elfu kumi na tano. Nimechoka. Nishike lipi?

Mama wa Daftari, Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia kwa ajili ya yule mtoto mwenye mfuko. Mimi nimelelewa na biashara ya mama aliyeuza kwa kupima, na najua jinsi daftari linavyoweza kukaa kifuani kama jiwe. Kwa hiyo nitakuambia yote ninayoyajua, hata yale ambayo kijana wako na kaka yako hawatayafurahia.

Nianze na sukari, maana ndiyo iliyokutoa jasho mbele za watu. Wewe ni mtu wa Kigoma, umeona ziwa usiku wa giza lilivyojaa taa za wavuvi. Dagaa wanaifuata taa, wakishajaa chini yake wavu unapanda. Sukari ya 2,800 ndiyo karabai ya ile supamaketi. Hawahitaji kupata faida kwenye sukari. Wanataka mama aingie mlangoni, na akiisha kuingia atapita kwenye biskuti, juisi, mafuta ya kujipaka na vyombo vya plastiki, ambako faida yao imekaa. Isitoshe, kampuni yenye matawi mengi hununua kwa lori na aghalabu humlipa msambazaji baada ya mwezi au miezi miwili, mali ikiwa imeshauzwa. Wewe unalipa taslimu kabla mfuko haujapanda bodaboda. Kwenye kilo nzima ya sukari humuwezi, na hata ukikopa milioni kumi humuwezi. Acha kupigania kilo.

Pigania robo. Hebu chukua kalamu tuhesabu. Mfuko wako wa 142,000 ukiuuza kilo kilo kwa 3,000 unapata 150,000, unabaki na 8,000, na bodaboda bado hajalipwa. Mfuko huohuo ukiupima robo robo kwa 800 unatoa robo 200, yaani 160,000, unabaki na 18,000. Toa inayomwagika, toa vifungashio, bado ni karibu mara mbili. Na anayenunua robo hajapotea njia kuja kwako: pesa yake ni ya leo, ameipata leo gatini au sokoni, na supamaketi haina robo ya sukari, haina mafuta ya mia tano, haina nusu mche wa sabuni wala kiberiti kimoja. Mpimie kwa haki, mizani iwe sawa, kikombe cha mafuta kisiwe na bonde chini. Huyo ndiye mteja wako, na Mwanga imejaa watu wa namna yake.

Tena wiki ambazo bei yao iko chini ya bei yako ya jumla, kama sasa, nenda ukanunue kwao. Usione aibu. Ingia kama mteja mwingine, beba pakiti watakazokuruhusu, rudi upime. Karabai imewashwa, na wewe una haki ya kuvua chini yake.

Sasa daftari. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo duka lako linapovuja.

Milioni moja na laki nne na sitini ni mifuko kumi ya sukari, mdogo wangu. Ingekuwa imeibwa usiku mmoja ungepiga yowe, mtaa mzima ungeamka. Imetoka kidogo kidogo kwa kalamu, ndiyo maana hujapiga yowe. Ile miezi mitatu ya 2024 ulifanya jambo kubwa sana. Nchi nne zinazolizunguka ziwa ndizo zilizokubaliana kupumzisha samaki, lakini pale mtaani kwenu aliyewavusha watu hadi Agosti ni wewe, na hukuwatoza hata senti ya riba. Usikubali mtu yeyote, hata kaka yako, akuambie lilikuwa kosa. Kosa ni kwamba ziwa lilipofunguliwa, daftari halikufungwa.

Chukua Jumapili moja, ukae nalo peke yako. Kila jina ulipitie ukijiuliza swali moja tu: huyu leo ananunua wapi kwa pesa taslimu? Utaona wapo ambao hawanunui popote, kwa sababu hawana. Yupo bibi anayelea wajukuu, yupo aliyepoteza boti au mume. Kwa hao, futa deni au liache lilale, na uwaambie kwa mdomo wako, ili wasiwe wanazunguka mtaa wa nyuma kukukwepa. Hawatakuwa wengi na wala deni lao si kubwa, nina hakika ukijumlisha utaniunga mkono. Wapo wanaojikongoja kulipa. Hao wape siku, iwe kila Ijumaa au siku wanayopokea pesa, na kiasi kinachojulikana, hata kama ni elfu moja. Halafu wapo wenzake jirani yako, wenye pesa ya kule na kalamu ya kwako.

Kwa hawa nenda nyumbani kwao, jioni, peke yako. Usitume ujumbe wa simu na usimtume mwanao, na kamwe usibandike majina dukani kama nilivyoona wengine wakifanya. Deni likitangazwa halilipwi tena, linageuka ugomvi. Kaa, salimia, kunywa maji utakayopewa, kisha sema maneno haya au yanayofanana nayo: "Jirani, duka limeyumba na nimefunga daftari kwa kila mtu. Nakudai kiasi hiki. Sijaja kugombana, nimekuja tupange utanilipaje." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, kwa sababu moyo wako utataka kusema "lakini usijali". Usiseme.

Daftari jipya lifunguliwe, nalo liwe na mpaka. Kila nyumba elfu kumi, haizidi, na anayekopa awe amemaliza la kwanza. Ukisema ni kwa kila mtu iwe kweli kwa kila mtu, shemeji yako akiwemo.

Na kuna jambo moja ndani ya daftari hilo ambalo supamaketi ingelipia pesa nyingi kulipata. Limeandika nani anakula nini, nyumba ipi inamaliza unga siku ngapi, mama ntilie yupi anahitaji mafuta kiasi gani kila alfajiri. Lisome kwa jicho hilo pia. Wao wanafungua jua limeshapanda. Mpika maandazi anahitaji ngano, hamira na sukari saa kumi na moja alfajiri. Ukimfikishia mlangoni usiku wa kuamkia, kwa pesa taslimu, hatakuuliza kwa nini umezidi shilingi mia. Hiyo kazi mpe kijana wako. Anapenda mambo ya kisasa, basi simu yake ipokee oda na malipo, na aandike mauzo ya kila siku.

Punguza pia vitu. Sijaliona duka lako, lakini maduka ya aina hii nayajua: juu kabisa kuna makopo yenye vumbi, shampuu tatu, juisi zilizokaribia tarehe. Hiyo ni pesa iliyosimama, na ndiyo mali ambayo wao wanaiuza vizuri kuliko wewe. Iuze hata kwa bei uliyonunulia, usirudishie nyingine. Weka mawese mazuri yanayojulikana yametoka kwa nani, unga wa muhogo uliokauka sawasawa, dagaa asiye na mchanga, sabuni zinazotengenezwa hapohapo kwa mafuta ya mise, zile kokwa za mchikichi. Mtu wa Kigoma anaonja mawese kwa kidole kabla hajanunua. Kule nani atamruhusu atumbukize kidole?

Mkopo: usichukue. Laki tatu mara wiki kumi na tatu ni milioni 3 na laki 9. Laki tisa za riba kwa miezi mitatu, na kwa kuwa unaanza kurejesha wiki ya kwanza, hiyo milioni 3 hutakaa nayo kamili hata siku saba. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji kama huyo kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni 3 na miezi mitatu, hiyo haizidi 315,000. Huyu anataka karibu mara tatu yake. Muulize leseni, uone atakavyobadilika sura. Ndiyo hawa watu mtaani wanawaita kausha damu. Na hesabu nyingine iko kwenye barua yako mwenyewe: siku nzuri unabaki na elfu 15, hata wiki nzima zikiwa nzuri zote ni 105,000, yeye anataka 300,000. Zilizobaki zitatoka wapi? Zitatoka kwenye zile karatasi za nyumba. Kwanza, shelfu za vioo zitakufanya ufanane na supamaketi ndogo yenye bei kubwa. Mtu wa robo ya sukari akiona vioo atadhani duka si lake tena.

Ukihitaji mtaji kuna mlango mwingine. Kila halmashauri kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii hutolewa kwa vikundi. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, akueleze masharti ya sasa ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ina foleni, na fomu zake zinachosha, sikufichi. Lakini kikundi chenyewe kina faida hata kabla ya mkopo. Hapo mtaani kwako hukosi wenzako watatu wanne wenye maduka kama lako, na ninyi nyote mnanunua mfuko mmojammoja, kila mmoja na bodaboda wake. Nunueni pamoja. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya nani ashike pesa, kwa hiyo msichangishe pesa ikakaa: asubuhi ya kununua kila mmoja alete yake, nendeni wawili, mchana mgawane, jioni hakuna anayemdai mwenzake. Mfululizeni hivyo miezi miwili kabla ya kufikiria mkopo wowote.

Kwa mume wako, mwambie kwa heshima kwamba asisubiri. Agizo la Julai 2025 limeorodhesha biashara 15 zilizokatazwa kwa wasio raia, na rejareja imo, lakini supamaketi zimeachwa nje ya katazo hilo. Ile ya kwenu ikiwa ya Watanzania ndiyo kabisa, agizo haliwahusu. Kufunga zinaweza kufunga kwa sababu zao nyingine. Kampuni ya supamaketi ya Kenya iitwayo Uchumi ilifunga maduka yake Tanzania mwaka 2015. Mwenzake Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, haikumaliza miaka mingi shelfu zikawa tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Yaliwamaliza madeni, kama daftari linavyotaka kukumaliza wewe, ila wao ndio waliokuwa wakidaiwa. Lakini ikifungwa hii, jengo halitabaki tupu. Reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Reli ya zamani ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilikuja na wafanyabiashara, na hii mpya itawaleta wa kwake.

Ndiyo sababu la nyumba nalisema kwa ukali kidogo: msiuze sasa. Kwanza hamuwezi. Bila msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama, kaka yako hana cha kuuza, na dalali anayejua hilo akaendelea kuja anatafuta bei ya watu wenye haraka. Itisheni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo cha baba. Miaka mingi imepita, mtaulizwa kwa nini mmechelewa, mtaeleza. Kaka yako ana haki yake katika nyumba ile na usimfanye adui kwa kuidai. Huenda kinachomuuma ni kwamba wewe umetumia fremu miaka yote hii bila kodi. Kaeni mlizungumze hilo hasa, kwa sauti ya chini. Hata kodi ndogo ya fremu mkigawana kila mwezi inaweza kupoza maneno ya kuuza.

Nabaki na yule mtoto. Akija tena, na atakuja kabla hujapata nafasi ya kwenda kwao, usimrudishe mikono mitupu na usimwambie lolote la kumpelekea mama yake. Yeye hadaiwi. Mpe chumvi na kiberiti, na siku hiyo usiandike. Jioni, ukishafunga duka, jifunge khanga yako uende mwenyewe.